Maji Yanapoondoka Chini ya Chombo

Kila kukicha, ufukwe wa Matema, wilayani Kyela kando ya Ziwa Nyasa, hupokea mitumbwi inayorudi kutoka kuvua usipa. Wavuvi huruka maji yakiwa yamefika magotini, huyu akashika kushoto na yule kulia, wakauvuta mtumbwi hadi mchanga mkavu, kisha wakaondoka na samaki wao. Mtumbwi unabaki peke yake. Hakuna gogo wala jiwe lililotiwa chini ya ubavu wake, na bado umekaa wima, mdomo juu, kana kwamba ungali unaelea. Nyuma yake milima ya Livingstone imepanda moja kwa moja kutoka ziwani. Mgeni aliyezoea bandari za pwani, Bagamoyo au Mkokotoni, akiuona huenda akajiuliza swali ambalo mtu wa Kyela hana haja nalo: mbona haulali ubavu?

Pwani swali hilo huulizwa mara mbili kila siku. Maji hujaa, maji hupwa, na kila baada ya saa sita na kitu bahari hubadili nia. Unguja, wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti kati ya maji makuu na maji ya chini hukaribia mita 4. Huo ni urefu wa nyumba. Jahazi lililokuwa likielea asubuhi, mchana liko juu ya mchanga, na mkuku wake, ule mti mrefu unaopita chini kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, ndio peke yake unaogusa ardhi. Mti mmoja hauwezi kusimamisha chombo. Ndipo kinapoegemea ubavu, mlingoti umeinama, foromali inatishia kugusa tope, na kila kilichokuwa sitahani kinatafuta njia ya kuteremka. Mabaharia wa pwani walipata dawa yake zamani: magadi, miti ya kuegemeza chombo kwa pande zote mbili, inayotiwa maji yakiwa bado yanapungua, kabla chombo hakijaamua kitalala upande gani. Kugadimu chombo ni kazi ya kuwahi. Ukichelewa kidogo, uzito umeshachagua upande wake, na hakuna mikono ya watu itakayoubembeleza urudi.

Lakini watu wale wale wanaoogopa maji kupwa ndio wanaoyangojea. Bagamoyo majahazi yameingia na bamvua vizazi kwa vizazi, yakakaa mchangani, na wapagazi wakaingia kwa miguu kupakua mzigo mahali pasipokuwa na gati hata moja. Tumbo la chombo huonekana saa hizo tu: fundi wa kalafati hupata nafasi ya kuziba nyufa kwa pamba na mafuta, na mabaharia hupaka deheni ya shahamu na chokaa ili kombe na minyoo ya mti wasipate makao. Bahari inayoondoka inafanya kazi ya chelezo, tena bila malipo. Ina sharti moja tu. Anayekipandisha chombo juu kabisa siku ya bamvua lenyewe, akachelewa kukitoa, atakuta siku zinazofuata maji hayafiki tena pale, maana maji mafu yameanza. Atangoja karibu nusu mwezi hadi mwezi umrudishie bahari yake.

Ngalawa ina jibu lake. Mirengu imepita kwa upana, na mbao zilizofungwa mwishoni mwake, kulia na kushoto, huishika isibirauke baharini. Maji yakipwa, mbao hizo hizo huwa miguu. Haigadimiwi na mtu. Imezaliwa na magadi yake.

Katika fukwe za Uingereza, ambako maji hupwa pengine zaidi ya mara mbili ya yanavyopwa Unguja, watu walilitafuta jibu hilo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1920, Robert Balfour, aliyekuja kuitwa Lord Riverdale, aliunda mashua ya tanga aliyoiita Bluebird, yenye mikuku miwili badala ya mmoja, ikae sawa maji yakiondoka. Wengi waliona ni ajabu tu. Mwaka 1969 ikatoka mashua iitwayo Westerly Centaur, ya mikuku miwili, nayo ikaundwa zaidi ya 2,000. Hadi leo ukipita kwenye hori za Uingereza wakati maji yamekupwa utaziona zimesimama kwenye tope, zote wima. Na wako wenye mashua za mkuku mmoja ambao hawataki kununua nyingine. Hao huamua kuibadili ile waliyo nayo.

Kazi hiyo haitaki papara. Fundi huanza kwa kutafuta uzito wa chombo uko wapi. Akiitia mikuku mipya mbele mno, siku ya kupwa chombo kitakalia tezi. Akiitia nyuma mno, omo itazama mchangani. Hutazama mkuku wa zamani umefika wapi kwenda chini, maana mguu ulio mfupi kuliko mwenzake hausaidii kitu. Huipanua mikuku kidogo kwa nje, ili chombo kikilazwa na upepo, ule wa upande wa chini uje wima zaidi na kukizuia kisisukumwe pembeni. Kisha huingia ndani ya chombo, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mbao za ubavu haziwezi peke yake kuubeba mguu. Lazima mataruma yaongezwe na kufungwa pamoja, yavuke kutoka ubavu hadi ubavu, ili pigo la chini ligawanywe. Wakati mbaya kuliko wote ni zile dakika ambazo maji yamebaki kidogo, hayatoshi kukiinua chombo wala hayajakwisha: kila wimbi dogo hukinyanyua kiasi cha kiganja na kukibwaga, kikanyanyuka tena, kikabwagwa tena, kwenye bolti zile zile. Vyombo vingi hupasuliwa hapo, na dhoruba haikuwepo.

Ukifikiri vizuri, kinachotokea saa ile ni kwamba mzigo umebadilishiwa mbebaji. Maji yana ukarimu wa namna yake: hukishika chombo kila mahali kwa wakati mmoja, chini ya kila ubao, bila kuuliza ubao upi una nguvu. Ardhi haina tabia hiyo. Ardhi hukishika mahali pachache tu, na pale inapokishika inadai uzito wote. Chombo kinaweza kuelea miaka kumi kikiwa na ubao dhaifu pasipo mtu kujua. Kupwa kwa siku moja kutautaja. Mtu naye huelea juu ya mengi asiyoyahesabu: afya, mavuno mema, mshahara wa mwisho wa mwezi, jirani anayeitika akiitwa. Siku moja mojawapo likiondoka, uzito hauongezeki hata kidogo. Ni ule ule wa jana, ila sasa umekuja juu ya maungio mawili matatu, na ndiyo yatakayosema kama yalifungwa au yalipigiliwa tu. Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Walichowaachia mafundi ni kuamua chombo kikae vipi siku hiyo.

Mikuku miwili ina gharama yake, na si haki kuificha. Chombo cha namna hiyo kwa kawaida ni kifupi kwenda chini, kwa hiyo hakibishi vizuri kama chenye mkuku mmoja mrefu. Upepo wa mbele ukikaza, kinateleza kwa ubavu kuelekea usikotaka. Chenye mkuku mrefu kinashinda kilindini, chenye miguu kinashinda ufukweni. Fundi hawezi kukipa chombo kimoja vyote kwa ukamilifu.

Sasa rudi Kyela. Ziwa Nyasa halipwi. Mwezi unalivuta kama unavyovuta maji yote duniani, lakini ziwa, hata likiwa na urefu wa karibu kilomita 580 na kina cha karibu mita 700 penye kilindi chake, ni dogo mno kwa kazi hiyo, na kuinuka kwake kwa ajili ya mwezi hakuonekani kwa macho. Mvuvi wa Matema akiuacha mtumbwi wake mchangani jioni, asubuhi ataukuta mahali pale pale kama mawimbi hayakuufikia. Ndiyo maana fundi wa ziwa hili hakuhitaji magadi wala miguu. Alichukua gogo moja, akalichimba kwa tezo, akauacha mdomo mwembamba na mbavu zilizotuna kwa nje, na chini akaacha unene. Mkuku hakuutia. Chombo hicho hukaa mchangani kwa uzito wa tako lake, na ziwani mvuvi mwenyewe ndiye anayekisawazisha kwa kiuno chake.

Ila kusema ziwa halipwi ni kweli ya siku moja tu. Mwaka una kupwa kwake: mvua za Rungwe na Kyela, ambazo ni miongoni mwa mvua nyingi kuliko zote Tanzania, hulijaza ziwa hadi kiasi cha mwezi wa Mei, kisha kiangazi hulipunguza hadi Novemba au Desemba, tofauti ikiwa kama mita 1. Na juu ya kupwa huko kwa mwaka kuna kwingine, kwa miaka na miaka, ambako mtu mmoja huenda akakuona mara moja tu maishani mwake.

Ziwa hili lina mlango mmoja wa kutokea, mto Shire, kule kusini karibu na Mangochi nchini Malawi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Matema. Sehemu kubwa ya maji yake haitoki hata kwa mlango huo; huvukizwa na jua. Kwa hiyo ziwa linaishi kwa tofauti ndogo kati ya mvua inayoingia na mvuke unaopaa, na mvua zikipungua miaka michache mfululizo, tofauti hiyo hutoweka. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia 1915 uso wa ziwa ulikuwa umeshuka hadi karibu mita 470 juu ya usawa wa bahari, na mlango wa Shire ukazibwa na mchanga na matete. Kwa takriban miaka 20 ziwa halikutoa maji, likawa linajaa tu, hadi katikati ya miaka ya 1930 lilipoufungua mlango wake lenyewe. Mwaka 1965 likajengwa bwawa la Liwonde kuudhibiti mto. Mwaka 1980 maji yalipita mita 477. Kati ya 1915 na 1980 ni miaka 65, na tofauti ya maji ni kama mita 7, karibu mara mbili ya bamvua la Unguja. Nyasa nayo ina bamvua lake. Linachukua umri wa mtu kujaa.

Bahari ni mwalimu anayerudia somo kila siku, na mtoto wa Mkokotoni hujua kupwa kabla hajajua kusoma. Ziwa hutoa somo mara moja, kisha hunyamaza miaka 40. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1980 sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 60, na anayejenga leo kando ya maji huenda hakuwa amezaliwa. Nyumba, gati, ghala na njia hujengwa kwa kipimo cha maji ya mwaka ule waliokuja mafundi, na watu huyaona maji hayo kuwa ndiyo ziwa.

Kyela ni mahali pagumu zaidi kwa jambo hili, kwa sababu ina fukwe mbili ndani ya ufukwe mmoja. Upande wa mashariki, kutoka Matema kwenda Lyulilo na Ikombe, mlima unaingia ziwani bila kusita, na ukipiga kasia kidogo tu uko juu ya kilindi. Upande wa magharibi ni uwanda tambarare wa mpunga na mikakao, uliotandazwa na mito: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mito hiyo inateremka kwa kasi kutoka nyanda za juu na kuutua mzigo wake wa mchanga pale inapokutana na ziwa. Songwe hauheshimu hata mpaka wa Tanzania na Malawi. Mkondo wake umehama mara kwa mara, na nchi hizo mbili zimelazimika kuwa na mpango wa pamoja wa bonde lake, mojawapo ya shabaha zake ikiwa kuutuliza mto huo katika kingo zake. Itungi, bandari ya zamani ya Kyela, imesumbuliwa mno na mchanga, meli zikahamia Kiwira. Hapo maji hayakuondoka. Ardhi ndiyo iliyopanda kuyafuata, na kwa chombo matokeo ni yale yale.

Meli ya MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliundwa pale pale Itungi na kuanza kazi mwaka 2021. Kabla yake zilitangulia MV Njombe na MV Ruvuma, za mizigo, tani 1,000 kila moja. Fikiria kinachodaiwa kwa vyombo hivyo. Viguse pwani ya mchanga bila kukwama, kisha siku hiyo hiyo viingie chini ya milima ya Livingstone, ambako kuanzia Aprili hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki, mwera, umelikimbia ziwa zima kwa urefu wake na kufika kaskazini na mawimbi makubwa kabisa. Tarehe 30 Julai 1946, katika majira hayo hayo, meli ya Vipya, ikiwa mpya bado, ilizama karibu na Chilumba, ng'ambo ya magharibi, na watu 145 wakafa. Anayeunda chombo kifupi kwenda chini kwa ajili ya mchanga wa Itungi anapaswa kuikumbuka Vipya, na anayeunda kirefu kwa kuiogopa Vipya atakutana na mchanga. Ni lile lile fumbo la mikuku miwili, ila hapa lina roho za watu ndani yake.

Mikuku ya pwani iliwahi kufika ziwani zamani. Katika miaka ya 1860, pale Nkhotakota, msafiri Livingstone aliyakuta madau ya watu wa pwani, waliokuwa chini ya mtawala wao, Jumbe, yakivusha pembe za ndovu na watumwa hadi ng'ambo ya mashariki. Ni historia chungu. Mafundi wa madau yale walitoka kwenye bahari inayokausha chombo bure, wakafika kwenye maji yasiyopwa. Kupaka deheni sasa kulitaka watu wa kukivuta chombo hadi nchi kavu, mikono ikafanya kazi ambayo pwani ilifanywa na mwezi.

Wajerumani nao walikutana na jambo hilo. Meli yao Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire na kushushwa ziwani mwaka 1893, ilibidi ipandishwe kwenye chelezo kila ilipotaka matengenezo ya chini. Ndiko ilikokuwa, Liuli, tarehe 13 Agosti 1914, imesimama wima juu ya magogo yake, ilipotokea meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades. Masimulizi yanasema nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake, hakuwa amepata habari ya vita, akatoka kwa mashua ndogo kwa hasira kuuliza mizinga ya Gwendolen ni ya nini. Alitekwa, na mitambo ya meli yake ikatiwa ulemavu. Kusimama kuna udhaifu wake: chombo kilicho wima nchi kavu kimekingwa kisianguke, lakini hakiwezi kukimbia. Magadi bora ni yale yanayoondoka upesi.

Kule Kyela, kila juma mitumbwi kutoka Ikombe huleta vyungu vya wanawake wa Kikisi hadi sokoni. Chungu kina tako la duara, kama chombo chenye mkuku. Ukikiweka juu ya meza hulala. Juu ya mafiga matatu, au juu ya kata ya majani, hakitikisiki. Mfinyanzi hakukosea kulifanya tako duara, maana duara ndilo linalostahimili moto na kuupokea sawasawa. Alijua tu kwamba chungu chake kitakaa katika nyumba yenye mafiga. Watu wa Kyela wenyewe wameishi hivyo: usipa ukipotea ziwani, kuna mpunga; mpunga ukizama kwa mafuriko ya Kiwira, kuna kakao mahali palipoinuka kidogo. Nyumba yenye kazi moja ni mkuku mmoja, hata kama inakwenda mbio kuliko wenzake.

Miti mikubwa ya mitumbwi imeadimika, na boti za mbao zenye injini zinaongezeka kwenye fukwe zile. Fundi wa boti sasa anaweza kuchagua umbo, jambo ambalo gogo halikumruhusu babu yake: atie mkuku au asitie, chini pawe bapa au pawe na miguu miwili mifupi ya kukalia mchanga. Achague akijua ziwa lote, si ziwa la mwaka huu. Na wanaopanga magati mapya ya Kiwira, Itungi na Matema wana kazi moja ya kufanya kabla ya kumwaga zege, nayo haina gharama. Wako wazee Lyulilo, Ikombe na Matema walioyaona maji ya 1980 kwa macho yao. Waulizeni yalifika kwenye mwembe upi na jiwe lipi, pimeni, choreni mstari na mwaka wake kwenye ukuta wa gati, na mfanye haraka wazee hao wangali hai.